Miguu Yetu Inachelewa Kufunguka

Temeke, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Mshamu,

Marahaba. Nakujibu kabisa, ingawa shikamoo yenyewe hujanipa. Leo magharibi umenipita barazani kama mtu anayekwepa mdai, kofia umeishusha mpaka kwenye nyusi, ukaenda uani kidogo, ukarudi, ukaingia chumbani kwako moja kwa moja. Mama yako akasema nikuache, mtoto ana mawazo ya safari. Nikakuacha. Halafu nikaenda uani, maana uzee umenirudishia kibofu cha mtoto mchanga, na nyuma ya ule ukuta wa makuti wa choo nikaona mchanga umeloa.

Nitarudi kwenye mchanga huo. Sina namna ya kuuacha.

Habari za blanketi, mswaki na dawa ya malaria ameshakusomea mama yako, na najua atakusomea tena kesho ukiwa umeshapanda lori. Mie sina nyongeza. Nakuandikia habari ya miguu. Ningeweza kugonga mlango wako tukaongea, mwanga wa koroboi nauona chini ya mlango, najua hujalala. Lakini mie nikikuona uso kwa uso nitaanza visa vyangu, wewe utakunja sura, na tutaachana hivyo hivyo kama siku zote. Kwenye karatasi angalau nikichekesha hunioni ninavyojichekea.

Unajua mtaa mzima unaniita Bwana Subirini. Hata balozi wetu wa nyumba kumi, siku ya kikao, anasema "tumwulize Bwana Subirini", na watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Jina hilo nililipata godauni. Nilipokuja mjini bendera yetu ilikuwa ingali mpya, inanukia duka, na nikapata kazi ya kubeba magunia ya korosho kule barabara ya Pugu. Asubuhi nyapara akipuliza filimbi, wenzangu wanajitwisha na kuondoka nusu mbio. Mie filimbi ikilia nasema, "Subirini kwanza jamani, mmesikia yaliyompata yule mzee wa Mtoni na mbuzi wake?" Wanasimama. Nawapa kisa. Na kisa changu si cha kukaa kitako. Naonyesha mbuzi alivyokuwa anatembea, naonyesha mzee alivyokuwa anamnyatia, nazunguka magunia, narudi, nachuchumaa kidogo, nainuka. Nyapara naye anacheka, anajifanya anakohoa. Kisa kikiisha, miguu yangu imeshafunguka, najitwisha gunia, na hapo hakuna aliyeniacha nyuma mpaka jua la utosi.

Watu walidhani nina kipaji. Mshamu, nilikuwa naitafutia miguu yangu nafasi. Ucheshi umeniota kama sugu inavyoota kiganjani mwa mchukuzi, kwa kusuguliwa na jambo lile lile kila asubuhi. Siku ya kwanza kabisa pale godauni nilibeba filimbi ilipolia, kama wenzangu. Sikufika mlangoni. Nyama za mapaja zilijisokota kama kanga inayokamuliwa, vidole vikakwama kwenye gunia, ikabidi wanibandue. Wakasema, huyu wa kusini hajala. Nikala. Kesho yake ikawa vile vile. Ndipo nikajifunza mwenyewe, bila mwalimu: nikianza taratibu, nikatembeatembea, ikifika pale panapouma nikasimama kidogo, mara mlango unafunguliwa huko ndani ya mwili, na baada ya hapo naweza kwenda kwa miguu mpaka Kisarawe nikarudi. Na nikinywa chai yenye sukari nyingi kabla ya filimbi, mlango haukawii. Ndiyo maana mama yako anapanga foleni ya sukari pale duka la ushirika kama anapanga foleni ya dawa. Ulidhani baba yako mlafi tu. Ni mlafi pia, sikatai.

Haya yote unayajua kwa mwili wako. Nimekuona umekaa kitandani unafumba na kufumbua ngumi, unapapasa mapaja kwa viganja, unadhani hakuna anayetazama. Sasa nikwambie ya mtu mwingine aliyekuwa anafanya hivyo.

Baba yako mdogo, Mfaume, ulimwona mara moja ukiwa mdogo, alikuletea mtama wa kuchoma ukamlilia. Alikuwa na miguu hii hii, ila mdomo wangu hakuwa nao. Mtu mzito, msema kweli, akicheka unadhani anaumwa jino. Umefanana naye. Mama yako ananikataza kulisema hilo, basi nimeliandika.

Yeye alibaki kusini. Watu walipohamia kijiji kipya, nyumba zikapangwa mistari, likalimwa shamba la pamoja. Asubuhi wanagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, watu wote wanashika mstari mmoja na kuanza kulima. Mfaume kila siku anaachwa mwanzoni. Wenzake wako mbele, yeye amesimama ameegemea mpini. Jua likipanda anawapita wote, anamaliza sehemu yake na kumsaidia jirani, lakini nani anatazama saa hiyo? Watu wanamtazama mtu anapoanza. Na nyakati zetu hizi, mwanangu, mtu akikuita mwizi unaweza kumpeleka barazani akuombe radhi. Akikuita mvivu, kupe, mnyonya jasho la wenzake, hakuna baraza la kukusafisha. Linakuganda.

Ikaja siku ya wageni. Ngoma, mapambio, na mashindano: kukimbia na gunia la mahindi kutoka ghalani mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Nataka ulisome vizuri hili. Hakuna aliyemlazimisha. Mwenyekiti wao, mtu mwema tu, alimwambia, Mfaume wewe kaa na wazee. Kina mama wawili wakacheka. Basi. Vicheko viwili vya watu ambao hata hawakumaanisha kitu. Mfaume akavua shati, akafumba na kufumbua ngumi, akapapasa mapaja, akajitwisha.

Angeanguka njiani angepona. Kilichomuua ni kufika. Mapaja yaligoma karibu na mwanzo, na yeye akayaburuta hivyo hivyo mpaka kwenye mlingoti, kwa kiburi, na watu wakampigia makofi. Walipomgusa miguu ilikuwa migumu kama kinu. Jioni akakojoa mkojo mweusi. Hakumwambia mtu, mkewe ndiye aliyeona, naye akadhani ni uchovu. Siku iliyofuata mkojo ukakata kabisa, uso ukavimba, na walipomtoa kwa kitanda kwenda kusubiri lori la kumpeleka zahanati, lori lilikuta wanamfunika.

Nilifika matanga hayajaanuliwa. Unajua watani wetu ni Wangoni, na mtani hana adabu msibani, ndiyo kazi yake. Akaja Mzee Ngonyani. Akaomba mto, akajitwisha kama gunia, akaanza kumwiga marehemu anavyokimbia na wageni wanavyopiga makofi, akaanguka, akatambaa, akadai alipwe kwanza ndipo afe vizuri. Nilicheka, Mshamu. Nililia na kucheka pamoja, wafiwa wote tulikuwa hivyo. Halafu akarudia tokea mwanzo, na safari hii kabla ya kujitwisha akafumba na kufumbua ngumi. Akapapasa mapaja kwa viganja. Alikuwa mwigaji hodari yule mzee, hakuacha kitu.

Kicheko changu kiliishia hapo. Nilijiona mwenyewe, asubuhi, mbele ya magunia ya korosho.

Shangazi yetu mkubwa, Bi Sharifa, alikuwa ameketi jamvini, macho yameshaingia ukungu. Naye alikuwa ameacha kucheka. Akamwita.

"Mtani, hebu njoo. Huyo uliyemwiga si Mfaume. Huyo ni baba yangu."

Ngonyani akasema, "Baba yako sikumwona mie, bibi. Nilikuwa sijazaliwa."

"Ndiyo maana nakuuliza. Umejifunzia wapi?"

Aliweka mto chini na hakudai malipo yake, na mtani asiyedai malipo ni jambo la kuogopesha kuliko maiti.

Shangazi ndiye aliyetueleza. Babu yetu alikamatwa wakati wa vita vya Wajerumani akabebeshwa mizigo ya askari. Asubuhi ya kwanza aliposhindwa kuinuka haraka na wenzake walimcharaza akimbie. Akakimbia. Waliorudi walisema mkojo wake ulikuwa kama kahawa, na alifia kando ya njia, na kwamba kabla ya kujitwisha alikuwa na kawaida ya kupapasa mapaja yake kama anayemtuliza mnyama. Watu wawili, babu na mjukuu. Mjukuu hakumwona babu wala hakuiga kutoka kwake. Mwili wenyewe ulikuwa unakumbuka.

Nilirudi mjini na hofu, lakini hofu nayo mie naifanyia mzaha, ikalala. Wewe ndiye uliyeiamsha. Ulipofika madarasa ya juu mwalimu wa mchakamchaka akaandika kwamba wewe ni mvivu wa makusudi, asubuhi unaburuta miguu nyuma ya mstari, na mchana kwenye mpira unacheza kama simba. Nikakufundisha visa vya kuanzia. Ukaniambia hutaki kuwa kichekesho cha watu. Ndipo nikakushika mkono tukaenda hospitali kubwa.

Yule daktari kijana, aliyetoka kusoma ng'ambo, alianza na mie kwa sababu nilikuwa namsumbua kwa maneno. Akanifunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, akakikaza, akanipa mpira mdogo niubinye, niuachie, niubinye. Mara kiganja kikajifunga kikagoma kufunguka. Nikamwambia, "Daktari, mkono umekuwa wa baba mkwe wangu, ukishika kitu hauachii." Hakucheka. Alikuwa anautazama mkono ule kama mtu aliyeokota kitu alichokisoma vitabuni tu. Akachukua damu zetu sote, na tuliporudi akatueleza.

Nakuandikia maneno yake kwa jinsi nilivyoyashika mie wa darasa la nne. Kila mtu ana ghala la sukari ndani ya nyama za mwili. Ukianza kazi ya nguvu ghafla, mwili unakimbilia ghala hilo kwanza. Ukienda taratibu, damu inapata muda wa kuleta chakula kingine kutoka kwingine, mafuta na mengineyo. Letu mie na wewe limejaa tele, ufunguo hatuna. Nikamwambia maisha yangu yote nimebeba magunia ya kuingiza ghalani, kumbe na mie mwenyewe ni ghala lililofungwa. Hapo alitabasamu kidogo.

Akasema kila mtoto anapewa funguo mbili, mmoja wa baba na mmoja wa mama, na mmoja ukiwa mzima unatosha. Zangu zote mbili zina kutu. Akaniuliza polepole, kama anayekanyaga penye miba, "Mzee, mkeo ni ndugu yako?"

"Binti wa mjomba," nikamjibu. "Kwetu huyo ndiye anayefaa."

Na mie nikaelewa kabla hajasema. Sisi tunaoa kwa mjomba ili shamba lisitoke, mikorosho isitoke, siri ya nyumba isitoke. Baba yangu alifanya hivyo, na mie nikafanya hivyo nikijiona nina akili, maana mahari ilikuwa nafuu. Hatukutoa shamba nje, na kutu nayo hatukuitoa. Mama yako ana ufunguo mmoja mzima na mmoja mbovu. Dada yako Hadija akapata ule mzima, anaruka kamba tokea alfajiri. Wewe ukapata mwingine. Hakuna aliyekuchagulia ubaya. Lakini uvivu pia hakuna aliyekupa, na hilo ndilo nataka uende nalo: mwalimu wako alikosea, kina mama wawili walikosea, na Mfaume alikufa akijitetea kwa kesi ambayo hakuwa na hatia.

Daktari alisema jambo jingine, na aliacha Kiswahili cha kitabuni akalisema kwa lugha ya uani. Misuli ikikaza simama. Ukiilazimisha, nyama yenyewe inakatika vipande vipande, inaingia kwenye damu, inakwenda kuziba figo. Utaiona kwenye mkojo. Rangi ya kahawa, rangi ya chai ya rangi iliyolala. Siku ukiiona hiyo, maji mengi, na hospitali siku hiyo hiyo. Siyo kesho yake.

Akaandika cheti cha kupeleka kambini, huko jeshini unakokwenda kulitumikia taifa. Ulikikataa pale pale kwenye benchi. Ulisema, "Baba, nikienda na karatasi ya ugonjwa watanipeleka jikoni kuchambua maharage. Nataka kwenda kama watu." Halafu tukiwa njiani, pale penye daraja, ukaniuliza jambo moja, na sauti yako ilikuwa ya mtoto kabisa. Ukaniuliza, "Wewe ulijuaje pa kusimama?"

Miaka yote nilikuwa naisubiri siku utakayoniuliza. Na mie, mjinga, nikakujibu kwa kisa cha yule mbuzi wa Mtoni. Ukageuza uso, na tangu hapo hujaniuliza kitu. Nilikuwa na dawa moja tu maishani, nikaitumia pale ambapo haikutakiwa.

Basi jibu ni hili. Nilijua pa kusimama kwa sababu nilikubali kuchekwa. Hakuna la zaidi. Kuna mahali maumivu yanaacha kuwa maumivu ya kazi, yanakuwa ya kitu kinachochanika, unapajua kuliko daktari yeyote. Hapo mwili unakwambia kaa chini. Mfaume alisikia. Babu alisikia, ila nyuma yake palikuwa na kiboko. Mie nikisikia nilikuwa nakaa chini mbele za watu na kusema neno la kipuuzi, wananicheka, naishi. Wewe huna haja ya mbuzi wangu. Unaweza kukaa chini bila kusema kitu, na ukamtazama ofisa usoni. Hiyo itahitaji moyo mkubwa kuliko niliokuwa nao mie.

Sasa mchanga.

Balozi aliniambia leo mchana, akidhani ananifurahisha, kwamba siku hizi mbili tatu wakati wa jua la alasiri anakuona uwanja wa shule unakimbia na tofali mabegani kama mtu anayefukuzwa. Nikamwambia labda anakimbia deni. Nikaja nikakaa barazani nikusubiri. Ukapita bila shikamoo, umetembea kwa miguu iliyonyooka kama ya korongo, na kofia ile ilikuwa ya kuficha uso ulivyopauka. Halafu mie nikaenda uani. Niliwasha kiberiti nikainama. Nilisema moyoni labda mtu kamwaga chai. Nikawasha cha pili, kikaniunguza vidole. Mshamu, ni kahawa. Ni rangi ile ile Bi Sharifa aliyoisema kwenye jamvi.

Mama yako hajui. Nimeufukia kwa mguu.

Barua hii naisukuma chini ya mlango. Nje ya mlango nimeweka mtungi mzima wa maji na kata. Kunywa sasa hivi, usingoje kumaliza kusoma mara ya pili. Kunywa mpaka uchukie. Pia kuna kopo la maziwa ya unga, tupu. Unajua la kazi gani, na usinifanyie aibu za kishuleni. Usilimwage gizani. Alfajiri tutalitazama pamoja mie na wewe, na kwa rangi yoyote itakayokuwemo tunakwenda kwa yule daktari kwanza. Tofauti ni moja: ikiwa bado ni nyeusi, hatungoji hata alfajiri. Gonga ukuta. Jirani ana mkokoteni, nimeshamwambia asiufunge.

Lori la kambi likiondoka bila wewe, litaondoka. Nitakwenda mie mwenyewe pale ofisini wanapokusanyika, mbele ya wazazi wenzangu na watoto wao na mabegi yao, niseme mvivu wa nyumba ile ni mie, kijana wangu anaumwa. Nitawapa na kisa wacheke wanavyotaka. Daktari akisema uende na lori lijalo, utakwenda, na cheti chake nimekiweka katikati ya mashati yako. Ukikitupa utakitupa wewe. Mie nimekitia.

Wewe ni mwanangu na nakujua. Hapo ulipo unafikiria kwamba mzee atasinzia, utatoka kimya kabla ya adhana, ushike barabara. Basi jua kwamba tangu nimeanza kuandika nimekuwa nainuka kila mstari michache nazunguka nyumba, nachungulia mkokoteni, narudi, naandika, nazunguka tena. Mama yako ameniuliza kwa dirisha nina nini, nikamwambia nina mchango wa tumbo. Nimeketi kizingitini pako. Ukifungua mlango ukakimbia, Baba, wewe ndiye utakayekuwa unaanza.

Mie miguu imeshafunguka.

Baba yako